Kichwa cha Pili kwa Mama Tumsifu

Nchi yetu siitaji jina. Ipo Sheria ya Heshima ya Jina la Nchi, inayokataza jina hilo kuandikwa kwenye karatasi yenye lalamiko, na ingawa mimi sina lalamiko lolote, naogopa nikisogea mbele kidogo linaweza kunitoka. Mkiifahamu nchi yenyewe, nyamazeni. Kama hamuifahamu, hongereni sana.

Naitwa Mama Elisante. Nakaa Mtaa wa Shukrani, nyumba yenye bati jekundu, na kati yangu na Mama Tumsifu kuna ua wa michongoma wenye matundu ya kutosha. Nayataja matundu mapema ili mtu asije akasema nilipanda juu ya ndoo kuchungulia ya watu. Juu ya ndoo nilipanda siku moja tu, na siku hiyo hata Serikali ilikuwepo.

Mama Tumsifu ni mjane. Kwa kuwa ni mjane na alikuwa akiishi peke yake, alipewa Fungu la Upweke. Kila mwezi gari la Wizara ya Ustawi wa Kaya na Hesabu ya Vichwa lilisimama mlangoni kwake likashusha mtungi wa gesi, mfuko wa unga, mafuta ya kula na mche wa sabuni. Juu ya hayo alishuka afisa mwenye tai, akafungua karatasi, akamsomea: "Pole, mama. Serikali inajua." Kisha akakunja karatasi akapanda gari.

Na mimi nilikwenda kuomba. Sikuona kwa nini yeye apate na mimi nikose, wakati wote tunanunua mboga kwa muuzaji mmoja.

"Una mume?" aliniuliza karani.

"Ninaye. Lakini haongei."

"Haongei kabisa?"

"Jumapili na Alhamisi. Na Alhamisi ni kuuliza chumvi."

"Anapumua?"

"Anapumua, ndiyo."

"Basi hicho ni kichwa kizima, mama. Kwenu mko wawili. Nenda ukamshukuru Mungu."

Nikaenda nikamshukuru, lakini nusu nusu. Nilimwonea wivu Mama Tumsifu. Nauandika wazi kwa sababu katika nchi yetu wivu si aibu. Una dawati lake na muhuri wake, kama mtakavyoona.

*

Hapa lazima nieleze jambo moja la kisheria, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wazima wa mtaa wetu walikuwa wanakimbia salamu.

Miaka sita iliyopita mchwa waliingia kwenye ghala la vyeti vya kuzaliwa wakavila vyote, isipokuwa vya mawaziri, ambavyo vilikuwa vimepakwa dawa. Serikali ikabaki haijui nani mkubwa, nani mdogo. Tume ikaundwa. Ikasafiri nchi kumi na moja, ikarudi imenenepa, na taarifa yake ilikuwa na sentensi moja: mtu mzima ni yule anayeitika marahaba. Hiyo ikawa Kanuni ya Kumi na Nne. Anayetoa shikamoo ni mtoto. Anayeitika marahaba ndani ya ua wa nyumba ni mtu mzima wa nyumba hiyo, na kichwa chake kinahesabiwa.

Waziri alitangaza mwenyewe redioni. "Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo adabu si adabu tu. Adabu ni takwimu."

Kwa kuwa mafungu yote yalikatwa kufuatana na idadi ya watu wazima waliomo ndani, watu waliacha kuitika. Wazee wa miaka sabini waliamkiwa wakajibu "shikamoo na wewe," wakapita haraka. Nilimwona babu mmoja na mjukuu wake wakipeana shikamoo kwa zamu mlangoni mwa duka mpaka mwenye duka akafunga akaenda kula. Mama Tumsifu tu ndiye hakuwa na wasiwasi. Kwake alikuwa yeye na kuku. Aliitika marahaba yake kwa sauti kubwa, na ilikuwa moja, na moja ndiyo iliyokuwa inampa fungu.

Ndipo Tumsifu aliporudi.

*

Tumsifu ni binti yake, wa pekee, mwenye miaka ishirini na mitatu, anayesomea udaktari wa mifugo mwaka wa mwisho. Alikuwa akikaa bwenini huko Chuo Kikuu. Lakini Chuo kilifunga mabweni yote ili yawe ofisi za Bodi ya Malazi ya Wanafunzi, kwa kuwa Bodi hiyo ilikuwa imehangaika miaka mingi bila pa kukaa. Wanafunzi walipewa barua ya kuwapongeza kwa uzalendo wao, na saa mbili za kutoa vyombo.

Alifika Jumanne saa nne asubuhi, godoro kichwani, begi la vitabu mgongoni.

"Shikamoo, mama. Wametutoa."

"Marahaba, mwanangu! Hebu ingiza hilo godoro, jua litakuua. Mbona umekonda hivyo? Huko walikuwa wanakulisha chaki?"

Mimi nilikuwa nachambua mchicha karibu na tundu kubwa. Nikahesabu. Kichwa cha kwanza, kichwa cha pili.

Mama Tumsifu si mjinga, naye alihesabu. Nilimsikia akimweleza binti yake siku hiyo hiyo, kwa sauti ya chini inayosikika vizuri. Kama Tumsifu angeitika marahaba ndani ya ua ule hata mara moja, angekuwa mtu mzima wa nyumba, mama asingekuwa mpweke tena, na fungu lingekatwa. Na fungu ndilo walilokuwa wakila. Kama Tumsifu angehama, asingekuwa na pa kulala, na mitihani ya mwisho ilikuwa miezi mitatu mbele. Kwa hiyo njia ilibaki moja, abaki mtoto mpaka amalize.

"Humu ndani usimwitikie mtu," alimwambia. "Hata jogoo akikuamkia, mwamkie na wewe."

Wakacheka. Hapo ndipo kilipoanza kile kitu rohoni mwangu, kwenye kile kicheko. Walicheka asubuhi wakifagia. Walicheka saa kumi jioni, mama amekaa kwenye mkeka, binti akimsuka mabutu na kumsomea kitabu chake cha chuo juu ya kichwa kama gazeti.

"Mama, unajua mbuzi ana matumbo manne?"

"Ndiyo maana wa Mzee Ngoda hashibi. Linajaa hili, analikumbuka lile."

Basi watacheka hapo mpaka kitana kianguke.

Mimi ninaye Elisante. Ni mwanangu, naye ni wa pekee. Alikwenda Mji Mkuu kusoma miaka saba iliyopita, akamaliza, akapata kazi Idara ya Mihuri, na alikuwa hajarudi hata siku moja. Kila mwisho wa mwezi hunitumia ujumbe kwenye simu: "Mama nipo. Nimebanwa." Kitanda chake nakitandika kila Jumamosi. Mwenzangu ana gesi ya bure na mtoto ndani. Mimi nina mkaa, nina ujumbe, na nina Baba Elisante. Roho iliniuma. Iliniuma kila walipocheka, na walikuwa hawachoki.

Tumsifu aliniamkia kila asubuhi kupitia ua, "Shikamoo, mama," kama alivyoniamkia tangu ajue kusema. Nikaacha kumwitikia. Nilijifanya naangalia mchicha wangu kama una wadudu. Alirudia mara ya pili, taratibu, akidhani sijasikia, kisha akaenda zake. Nilikuwa nasikia vizuri sana.

Wiki ya tatu nikavaa khanga yangu mpya nikaenda Dawati la Kijicho.

*

Foleni ilifika barabarani. Hakuna ofisi ya umma inayopendwa kama ile. Ofisi ya chanjo pembeni ilikuwa tupu, muuguzi wake amekuja kupanga foleni kwetu.

Zamu yangu ilipofika nilimkuta dada mwenye miwani na fomu ya njano.

"Karibu, mama. Una kijicho na nani?"

"Mimi sina kijicho, mwanangu. Natoa taarifa kama raia mwema."

"Raia mwema ni dirisha la tatu, na limefungwa tangu mwaka juzi. Hapa ni kijicho."

"Basi kijicho."

"Cha kitu gani? Fomu inaruhusu kitu kimoja."

Nikafikiri. "Gesi," nikasema.

Akaniangalia juu ya miwani. "Mama, watu wa gesi huja saa tano wakaondoka saa sita. Wewe umesimama hapo tangu hatujafungua mlango, hujaenda hata kujisaidia. Ni gesi tu?"

"Andika gesi."

Akaandika gesi. Akagonga muhuri, akanipa nakala, akaniambia Serikali inanishukuru kwa roho yangu. Sikuelewa alikuwa na maana gani, nikachukua kama sifa.

*

Wizara ikamtuma Bwana Kizito, Mhakiki wa Salamu Daraja la Pili. Ni mtu wa miaka hamsini na mitano, mwenye kipara na kitambi, na kazi yake ni kuwaamkia washukiwa kwa ghafla kwa sauti ya mtoto mdogo. Alisomea nje.

Siku ya kwanza alijificha nyuma ya choo. Tumsifu akiwa anaanika nguo, sauti nyembamba ikatoka huko: "Shikamooo, dadaaa!"

"Shikamoo, baba," akajibu Tumsifu bila kugeuka.

Siku ya pili alikuja amevaa kaptula ya shule na soksi ndefu. "Shikamoo, dada!"

"Shikamoo, baba. Utapata baridi ya magoti."

Siku ya tatu alijibanza ndani ya banda la kuku tangu alfajiri. Tumsifu alipofungua kutoa mayai, Bwana Kizito akampigia shikamoo ya nguvu usoni. "Yesu wangu!" akapiga ukelele Tumsifu, na yai likaanguka. Bwana Kizito akatoa daftari akaandika: "Mshukiwa ameitika, lakini kwa jina lisilo kwenye Kanuni."

Shauri likapelekwa Baraza la Kaya. Kwa kuwa sheria inataka marahaba iitikwe ndani ya ua, Baraza lilihamia uani kwa Mama Tumsifu. Walikuja wajumbe saba na viti vyao, turubai, meza yenye kitambaa na maji ya chupa. Ndiyo siku niliyopanda juu ya ndoo. Nilibaki upande wangu, kichwa tu ndicho kilichozidi ua.

Mheshimiwa Mwenyekiti alisimama akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu wajumbe," alisema, "taifa lisilojua nani mkubwa ni taifa lililokaa kula bila kujua nani anawe kwanza. Chakula kinapoa! Nzi wanatua! Na wale wasiolitakia mema taifa wananawa kabla yetu! Leo hapa tutajua huyu binti ananawa wa ngapi."

Wajumbe wakapiga makofi. Utaratibu ukasomwa. Wajumbe wote wangemwamkia binti kwa zamu. Akiitika marahaba, ni mtu mzima, na fungu limekatwa. Akifika saa kumi hajaitika, ni mtoto, na shauri limekwisha.

Walianza saa tatu. Wazee wenye mvi, mmoja na fimbo, walikuja mmoja mmoja mbele ya mtoto wa miaka ishirini na mitatu wakainama. "Shikamoo." Naye: "Shikamoo, baba." "Shikamoo." "Shikamoo, babu." Walipomaliza walirudia mwanzo. Saa saba sauti ilikuwa imemkauka. Mama Tumsifu alikaa kwenye mkeka, mikono imeshika upindo wa khanga, hasemi, maana alikuwa amekatazwa kusaidia.

Saa tisa na nusu Mwenyekiti alikuja mwenyewe. "Binti, mimi nina miaka sitini na minane. Nimekuja mpaka miguuni pako na shikamoo yangu. Utaniacha nayo mkononi mbele za watu?"

Alilelewa vizuri yule mtoto, na kumwaibisha mzee kulimchoma. "Shikamoo, mzee wangu," akasema, na machozi yakamtoka.

Mimi juu ya ndoo nilikuwa nasema moyoni: itika. Itika tu, wewe mtoto, na nyie mwonje. Nilikuwa nimeshika michongoma mpaka miiba imeingia kwenye viganja, sisikii maumivu. Nusu saa tu ilikuwa imebaki.

Akainua macho kuyafuta, akaniona. Nadhani hakumwona mtoa taarifa. Alimwona jirani. Akaniamkia kama anavyoamkia siku zote, bila hila yoyote ndani yake:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema.

Ilinitoka. Wiki kadhaa nilikuwa nimeibana, ikatoka yenyewe kama chafya.

Mwenyekiti akageuka. "Nani amesema hivyo? Na amesema yote mawili? Marahaba, na mwanangu?"

Kitabu kikafunguliwa. Kanuni ya Kumi na Nne, kifungu kidogo cha tisa: mtu mzima akiitika marahaba mbele ya Baraza, akaongeza neno "mwanangu," mwana huyo ni wa nyumba yake.

"Mheshimiwa," nikasema, "ni usemi tu. Kila mtu ni mwanangu. Hata muuza mkaa namwita mwanangu."

"Muuza mkaa yuko wapi?" akauliza Bwana Kizito, akitoa kalamu.

Nikanyamaza, tusije tukajaa.

Uamuzi ulitolewa saa tisa na dakika hamsini. Tumsifu ni mwana wa nyumba ya Mama Elisante na atalala huko. Mama Tumsifu ni mpweke kama zamani na fungu lake linaendelea. Hali hiyo itadumu mpaka mwana wa damu wa nyumba ya Mama Elisante arudi, aamkie na kuitikiwa, kwa kuwa nyumba moja haiandikiwi wana wawili wakubwa. Ikitokea hivyo, Tumsifu atarudi kwa mama yake akiwa mtu mzima, bila shauri jingine.

Mwenyekiti akanipa mkono juu ya michongoma. "Hongera, mama," akasema, "kwa kujifungua salama."

*

Godoro lilipita kwenye tundu kubwa siku ile ile. Mama Tumsifu alilisukuma kwa upande wake, mimi nikalivuta kwa upande wangu. "Nimekukabidhi, Mama Elisante," akaniambia. "Chai yake usijaze majani, humsumbua tumbo." Sikujua kama alikuwa na habari ya ile fomu ya njano, na sikuuliza.

Jamani, nilifurahi. Nilimpa kitanda cha Elisante. Nilipika chapati katikati ya wiki. Wiki ya kwanza nilikwenda dukani naye mara tatu kwa siku, hata chumvi nikanunua wakati ipo, ili watu waone nina mtu wa kunibebea kikapu. Baba Elisante alishtuka akaongea Jumatano.

Tumsifu alikuwa mtiifu kupita kiasi. Aliosha vyombo, alisema "asante, mama," alisoma mezani akiwa amenyooka. Lakini ikifika saa kumi jioni aliinama akapenya kwenye tundu kwenda kwao, maana Baraza lilisema atalala kwangu, halikusema atacheka wapi. Na huko kicheko kinaanza. Nilijaribu na mimi.

"Hivi mwanangu," nilimwambia siku moja nikijiweka tayari, "mbuzi ana matumbo mangapi?"

"Manne, mama."

Nikasubiri. Akarudi kwenye kitabu chake.

Nilimwonea Mama Tumsifu wivu kuliko mwanzo. Mwanzo alikuwa na binti na mimi sina. Sasa binti nilikuwa naye mimi, kwa muhuri, na bado alikuwa wake.

*

Zilibaki wiki tatu kufika mitihani. Ilikuwa Jumamosi mchana, na Bwana Kizito alikuwa uani kwangu kwa ukaguzi wa mwezi, anahesabu vichwa na kunywa chai yangu. Tumsifu alikuwa mlangoni na kitabu. Mama Tumsifu alikuwa upande wake wa ua anamwaga pumba za kuku. Mlango wa nje ukagongwa, nikaenda kufungua.

Alikuwa Elisante. Shati jeupe, mkoba mweusi, na mashavu ambayo sikuyafahamu. Miaka saba. Alikuwa amesimama kwenye jua anafinya macho kama alivyokuwa akifinya akiwa mdogo.

"Shikamoo, mama."

Bwana Kizito akaweka kikombe chini akatoa kalamu. Tumsifu akafunga kitabu, akabaki na kidole katikati ya kurasa. Mama Tumsifu alikuwa ameshika bakuli la pumba hewani, hamwagi. Wote wanne tulijua, aliyekuwa hajui ni Elisante peke yake. Nikiitika, Tumsifu anarudi kwao ni mtu mzima, na gari la Wizara halisimami tena kwenye ule mlango, wiki tatu kabla ya mitihani ya miaka mitano.

Ningeweza kusema "Karibu, mgeni." Ningeweza kusema "Hujambo, kaka, unamtafuta nani?" kisha nimvute ndani nimweleze sikioni, tukacheka naye baadaye. Maneno hayo niliyafikiria, naapa niliyafikiria, yalikuwa pale mdomoni yamejipanga. Na Mama Tumsifu alikuwa ananitazama. Haniombi. Ananitazama tu.

"Shikamoo, mama," akarudia Elisante, taratibu, akidhani sijasikia.

"Marahaba, mwanangu!" nikasema, na nilisema kwa sauti ambayo kuku wa jirani walitawanyika.

Bwana Kizito akaandika.

Tumsifu alitoa godoro lake bila kuambiwa. Nilitaka kumsaidia, lakini mikono yangu ilikuwa imemshika Elisante. Kutoka upande wa pili Mama Tumsifu akaniita. "Hongera, Mama Elisante. Amerudi." Hapakuwa na kejeli ndani yake. Ningefurahi sana kama ingekuwemo.

Elisante alikula sahani mbili. Alisema nyumba imekuwa ndogo. Kisha akapangusa mikono, akafungua mkoba, akatoa karatasi.

"Mama, Idara inatupa Posho ya Umbali sisi tusio na kwetu. Inatakiwa saini ya mzazi tu."

Nikaisoma. Ilisema: Mimi mzazi nathibitisha kwamba mtu huyu si wa nyumba yangu, na kwamba ndani ya ua wangu hakuna ninayemwita mwanangu.

"Umekuja kwa ajili ya hii?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuona." Akaangalia saa. "Na hii."

Nikamgeukia Baba Elisante nikidhani labda, kwa siku kama hiyo, atasema neno. Alisema.

"Mwekee saini, asije akakosa basi."

Nikaweka. Elisante akaikunja vizuri, akaniambia atanipigia, akaondoka na basi la saa kumi. Kitanda chake hakuketi hata pembeni.

Bwana Kizito alimalizia chai yake. Nilimuuliza kama Tumsifu anaweza kurudishwa kwangu, basi, kwa kuwa nafasi ipo.

"Haiwezekani, mama. Kichwa kikishahamishwa hakirudi. Na kuwa mwangalifu. Ukisikika humu ndani unamwita mtu mwanangu, yule kijana atarudisha posho yote na kushtakiwa kwa kudanganya." Akaniamkia kwa sauti ya mtoto, kwa mazoea, akaenda zake.

*

Fungu la Mama Tumsifu lilikatwa Jumatatu. Alhamisi alikuwa amepata kibarua cha kupiga deki Bodi ya Malazi ya Wanafunzi, kwenye lile bweni alikofukuzwa binti yake. Chumba alichokuwa akilala Tumsifu sasa ni cha Mkurugenzi wa Vitanda, na kina zulia, kwa hiyo anakifagia tu.

Mitihani Tumsifu aliifanya. Matokeo hayajatoka, kwa kuwa Baraza la Mitihani nalo linatafuta pa kukaa. Kila asubuhi saa kumi na mbili wanatoka pamoja, mama na ndoo, binti na mpira wa deki, maana siku hizi anamsaidia. Mama Tumsifu amekonda. Viganja vimepasuka kwa dawa ya sakafu. Wanakunywa uji mchana na uji jioni, nauona kwa macho yangu kupitia kwenye tundu, na wanagombania mwavuli mmoja mpaka wanalowa wote, wanacheka. Namwonea wivu. Mwanamke anayesugua sakafu za watu, mimi mwenye mume na bati jekundu namwonea wivu, tena wa kunikosesha hamu ya kula.

Tumsifu adabu yake haijapungua. Akipita karibu na ua husimama, hata kama wamechelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," naitika siku hizi, kila siku. Na lile neno la pili hufika mpaka kwenye meno, nalimeza.